Utepe wa Waliopigwa Risasi

Desemba ya 1918, kwenye tramu ya Filadelfia, Hedwig Lenz alijifanya anatazama dirishani. Mbele yake mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi alikuwa akimkazia macho askari polisi aliyeketi kando ya mama huyo, ambaye beji yake ilizungushiwa utepe mweusi.

"Huo umemvalia nani, afande?"

"Mwenzetu aliyepigwa risasi Jumatatu, mama."

"Na mume wangu Cornelius Tierney mlimvalia? Alikuwa askari kama wewe. Alikufa Oktoba, kwenye mlipuko wa mafua."

"Pole, mama. Utepe ni wa waliouawa kazini. Mafua yalimpata kila mtu."

"Lakini si kila mtu alitumwa! Wazikaji walipogoma kuingia majumbani, nani aliamriwa aingie? Muuza mikate? Cornelius alishusha maiti ngazini wiki nzima, akarudi kwangu anatetemeka. Ile ilikuwa kazi au matembezi?"

Askari akakohoa. Abiria wawili wakakumbuka ghafla kwamba wanapenda kusimama.

"Utaratibu sikuupanga mimi, mama."

"Kuufuata unaufuata!"

Hedwig alikuwa na neno kooni. Maiti ya dada yake nayo ilishushwa ngazini na askari mwezi ule, na jina la askari yule hakulijua. Kabla hajafungua mdomo, tramu ikasimama. Mjane akainuka, akamgeukia askari.

"Siku ukifia kitandani, mwambie mkeo aniite. Utepe nitakuja nao mimi."