Kurasa Ambamo Baba Hakusema Neno

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Wachache mmeitika huku mnatazamana, mkijiuliza huyu binti ameanza lini kusali. Sijaanza vizuri. Bado nina maswali mengi, na baadhi yenu mmeshachoka nayo huko mtaani. Lakini mmenipokea katika kikundi hiki cha waliofiwa, nimekaa pale nyuma nikisikiliza misiba yenu, na si haki nisikilize tu. Leo nasema wa kwangu.

Mnajua maisha yetu. Mvua zikianza tunafunga nyumba za mjini na kuhamia mashambani hadi mpunga uvunwe. Sisi nyumba yetu iko Mlabani, hapa hapa Ifakara, shamba liko kule mbele ya Mchombe. Mama alishatutoka. Mwaka ule nilikuwa chuoni Dar, kwa hiyo baba alihamia shamba na mdogo wangu wa mwisho, mtoto wa darasa la pili. Akapata homa. Maji yalikuwa yamefunika njia, pikipiki haipiti. Baba akambeba mgongoni kwenda zahanati. Hakumfikisha.

Nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya chakula. Nilipofika Ifakara walikuwa wameshazika.

Ndugu zangu, nilianguka. Nilimaliza chuo, sijui nilimalizaje, nikarudi nyumbani na kujifungia chumbani. Nilipotoka, nilitoka na swali moja kwa baba: kwa nini ulimpeleka shamba wakati ana shule? Baba hakujibu. Nikauliza tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Mwisho tukawa tunaishi kama wapangaji wawili, kila mtu na sufuria yake. Mchana akitoka, nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kitanda cha mdogo wangu. Sikuwa nalia. Nilikuwa nakaa tu.

Ndipo nikaanza kuandika kitabu. Niliandika kwa hasira. Nilihoji barabara, zahanati, serikali, nikamhoji Mungu, nikamshtaki baba sura nzima. Nilidhani kitabu kikitoka, mtu mmoja atalazimika kunijibu. Nikapeleka mswada kwa wachapishaji, wakanyamaza na wao.

Rafiki yangu akaniambia kuna mama hapa Ifakara aliyekuwa mhariri miaka mingi Dar, amerudi kumuuguza mumewe. Nikampelekea. Nilitaka anirekebishie nukta na mkato, aniambie nina kipaji, basi. Akakaa na mswada hadi nikaanza kumsema vibaya. Siku aliponiita, nilimkuta na kurasa zangu mezani, pembeni zimejaa alama za penseli.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kaa. Nimeusoma mara mbili. Ile sehemu mtoto anaficha viatu vya shule kwenye debe la mchele ili asiende shule, umeandika vizuri sana. Nilicheka peke yangu.”

“Hiyo ni nusu ukurasa, mama.”

“Ndiyo shida yangu. Kitabu kizima namwona akifa, nusu ukurasa tu namwona akiishi. Kwingine kote unahutubia.”

Nikabisha. Mnanijua kwa kubisha. Nikamwambia mambo niliyoandika ni ya kweli.

“Sijasema ni uongo. Nimesema sijamwona mtoto.” Akafungua sura ya baba. “Na huyu mzee. Umemshtaki kurasa zote hizi, hajasema hata neno moja. Njiani walizungumza nini?”

“Sijui.”

“Hukumuuliza?”

“Nimemuuliza mara ngapi, mama. Hajibu.”

“Ulimuuliza kwa nini alimpeleka. Mimi nakuuliza njiani walizungumza nini. Hayo ni maswali mawili.”

Nilikasirika. Nikamwambia kama anajua sana, aandike yeye.

“Siwezi,” akasema. “Nikikuandikia, msiba utakuwa wangu. Nami ninao wangu hapo chumbani.”

Mumewe alikuwa anakohoa nyuma ya pazia. Nikachukua kurasa zangu nikaondoka bila kuaga. Lakini swali liliondoka na mimi.

Ilikuwa msimu tena. Nikamfuata baba shamba. Nilimkuta juu ya kichanja anafukuza ndege, mpunga umeshaanza kukomaa. Nikapanda, nikakaa karibu naye. Nikamuuliza: baba, mlipokuwa njiani, alisema nini?

Alirusha donge la udongo. Akarusha la pili.

“Alikuwa anakuulizia wewe,” akasema. “Maji yalinifika kiunoni, anaogopa, analia. Nikamwambia dada yako amekuja, yuko zahanati anatusubiri. Akanyamaza. Akalaza kichwa hapa.” Akagusa bega. “Tangu hapo sikujua amelala au vipi.”

Kisha akasema, “Wewe kila ukiniuliza, naona nitakwambia nini. Kwamba nilimdanganya kwa jina lako?”

Tulikaa pale hadi ndege wakala walichotaka kula.

Niliiandika upya sura ile ya baba. Mama mhariri akaisoma, akafuta sentensi moja tu, ya mwisho, ambamo nilikuwa naeleza jinsi nilivyoumia. “Hii umeiweka kwa sababu umeogopa kunyamaza,” akasema. Alikuwa sahihi. Na mahubiri yangu mengi yalikwisha kwa penseli ile, mengine niliyapigania, machache akaniachia.

Mumewe amefariki mwezi uliopita. Mama huyo yuko hapa leo kwa sababu hiyo, na sitamtaja jina. Mama, asante. Hukunihurumia kwenye kurasa, ukanihurumia kwa kuzisoma zote. Asanteni na ninyi mliovumilia ukimya wangu pale nyuma.

Kitabu bado hakijapata mchapishaji. Sina ushuhuda wa muujiza. Mdogo wangu hajarudi, na barabara ile bado inazama. Ninachoweza kuwapa ni hiki: bado nahoji kila kitu, ila sasa nikimuuliza mtu swali, nakaa chini nisubiri.

Juzi nilimsomea baba sura ile. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto alikuwa mwepesi mgongoni kwake. Baba akaninyooshea mkono, nisite kusoma kidogo.

“Hapo rekebisha,” akasema. “Alikuwa mzito. Tulikuwa tunakula vizuri.”

Nimerekebisha.