Bi Maana na Bango la Pampu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha nguo, mfasiri wetu anastaafu. Sisi tunamwita Bi Maana, kwa sababu ukimpelekea karatasi ya Kiingereza atakuuliza kwanza: "Nani ataisoma, na akishaisoma atafanya nini?"

Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila nina kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri maelekezo ya mitambo, na kitenzi kilichomsumbua kuliko vyote kilikuwa "run". Ofisini walidhani ni kukimbia, basi. Kumbe Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa mashine inayofanya kazi, maji yanayotiririka, rangi inayochuja, hata mtu anayegombea uongozi. "Kitenzi hiki kina nyumba nyingi kama mjomba wangu," alikuwa akisema, "na kila nyumba kinaitwa jina lingine."

Pampu mpya ya chumba cha rangi ilipofika, meneja wa uzalishaji hakutaka kumsubiri. Alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaagiza bango. Maelekezo yalikataza kuendesha pampu bila maji. Bango likasomeka: USIKIMBIE PAMPU IKIWA KAVU.

Bi Maana aliliona asubuhi lilipotundikwa, akapanda ofisini kuomba lishushwe. Meneja akamjibu, "Run ni kukimbia, hata mtoto wa darasa la nne anajua." Bango likabaki.

Wiki ile ile maji yakakatika. Pampu ikaanza kulia, ikafuka moshi. Mchanganya rangi, baba wa mapacha, alifanya kama alivyoamriwa: hakukimbia. Kifuniko kikafyatuka, mvuke na masalia ya rangi ya moto vikamuunguza mkono kutoka kiganjani hadi begani.

Kisha, bila haya, uongozi ukamshtaki yeye kwa uzembe! Ati hakusoma bango. Bi Maana hakualikwa kwenye kikao cha kumhukumu. Aliingia hivyo hivyo, bango kwapani. "Alilisoma," alisema, "tena alilitii. Mkitaka mzembe, mtafuteni aliyeliandika." Alipoambiwa atoke, alivuta kiti akakaa.

Mchanganya rangi hakufukuzwa, na akagharamiwa matibabu. Tangu siku hiyo hakuna bango linalotundikwa kabla wafanyakazi hawajalisoma kwa sauti na kueleza walichoelewa. La pampu sasa linasema: PAMPU IKIKOSA MAJI, IZIME, KAA MBALI.

Na shukrani ya punda? Mateke. Mwaka ule meneja alipandishwa cheo. Bi Maana akapewa onyo kwa utovu wa nidhamu, na halijafutwa mpaka leo. Sasa tunasikia nafasi yake haitajazwa, eti kompyuta inatosha. Inatosha kwa nani? Kompyuta haina ubavu wa kuingia kikao ambacho haikualikwa.

Sherehe ni Ijumaa. Waliompa onyo watakaa meza ya mbele, na kipaza sauti kitakuwepo. Neno "samahani" halihitaji mfasiri.

Nawe, dada yetu, tunakushukuru kwa mikono yetu iliyo mizima. Nenda salama, uishi sana, na huko nyumbani uipate heshima uliyonyimwa hapa.