Mama Vunja na Kozi Iliyopungukiwa Mtu Mmoja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, anastaafu mwalimu wa utengenezaji wa michezo ya kompyuta, ambaye chuo kizima kinamwita Mama Vunja. Mhariri wa jarida hili ameomba maneno matamu, mafupi, yasiyomkwaza mtu. Mafupi yatajaribiwa.

Alianza hapa kwa kufundisha hesabu darasa la jioni. Baadaye aliomba chumba kilichoachwa na mafundi cherehani, akabeba kompyuta chakavu kutoka stoo, akaanzisha kozi ambayo wakubwa waliitabiria kufa ndani ya muhula mmoja. Naibu mkuu wa wakati ule alisema chuo cha jamii si uwanja wa kuchezea. Kauli hiyo ingali hai, inatembea kwenye korido zetu na tai shingoni. Anayedhani mchezo ni upuuzi hajawahi kujaribu kumfanya mtu mzima akosee, acheke, kisha aanze upya kwa hiari yake. Ni masomo mangapi yanayoweza hilo?

Jina lake alilipata kihalali. Kila mchezo wa mwanafunzi ulipita mikononi mwake, naye aliucheza kama mwenye kisasi. Kijana mmoja alimletea mbio za magari. Badala ya kwenda mbele, mama akarudi kinyumenyume, akapenya ukuta, gari likadondoka nje ya dunia.

"Lakini Mwalimu, nani atarudi nyuma?" kijana akalalamika.

"Mimi hapa."

Sheria yake kuu ilikuwa moja: mgeni anapojaribu mchezo, aliyeutengeneza asimame nyuma yake na afunge mdomo. Asieleze, asielekeze, asiguse. Mgeni alikuwa yeyote: mlinzi wa lango, shangazi wa mtu, mpishi wa kantini. Huyo mpishi aliogopwa kuliko mtihani. "Mwanangu," alimwambia binti mmoja, "huyu shujaa wako ana miguu au matairi? Mbona anateleza hivi?" Binti alitafuna kola ya shati lake. Wiki iliyofuata shujaa alikuwa anatembea. Binti huyo leo ni mwalimu msaidizi, na ndiye anayekabidhiwa darasa.

Ila darasa lenyewe nusura lisiwepo. Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Ofisi ilitangaza kwamba kozi isiyopata wanafunzi wapya kumi na wawili itafungwa, na chumba kigeuzwe stoo. Tangazo lilibandikwa katikati ya mitihani, nyuma ya mlango ambao mchana kutwa huwa wazi. Hongera kwa aliyechagua mahali. Mama Vunja alizunguka shule za jirani, saluni na gereji, mguu mosi mguu pili. Walipatikana kumi na mmoja. Siku ya mwisho, wakati sisi wenzake tunarushiana lawama katika chumba cha walimu, yeye alishuka ngazi, akapanga foleni kwenye dirisha la usajili, akataja jina lake mwenyewe.

"Mama, unanitania?" karani aliuliza.

"Mwanangu, miaka yote hii nimevunja michezo ya watu. Wangu sijamaliza hata mmoja. Niandike."

Wakubwa walipekua kanuni kutafuta kifungu cha kumzuia mstaafu kusoma. Hakipo. Kozi imepona muhula huu; muhula ujao vichwa vitahesabiwa tena, na kelele zetu zitaanza mapema zaidi. Mwenye mpwa, jirani au mume asiye na la kufanya asubuhi, amlete.

Mama Vunja, asante kwa ukali wako, kwa kucheka kwako, na kwa kutukatalia kazi nusunusu. Tunakuombea afya, macho yasiyochoka na mchezo utakaofika mwisho. Jumatatu saa mbili asubuhi ni kipindi cha kwanza. Mwalimu wako mpya ametuma salamu: mvi si kibali cha kuchelewa, na mpishi wa kantini ameshaulizia utamaliza lini, maana anataka awe wa kwanza kuucheza.