Nusu Mbili za Kitabu cha Chemchemi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Godelive Kanyere wa Kimemi, hapa Butembo. Ametutoka wiki hii.

Mama Godelive alitunza vitabu vya maji. Ndiyo, vitabu vya maji: ripoti na tafiti kuhusu namna maji yanavyochafuka, na namna ya kuyakinga. Alivipenda kupita kiasi. Binti yake Élysée anacheka huku akifuta machozi: "Kuweka sahani juu ya kitabu? Ungelala njala!"

Mwaka 2001, vita vimepamba moto, kundi hili likitoka mjini, lile linaingia. Askari walibeba milango, viti, hata makaratasi ya kuwashia moto. Mama Godelive akavisambaza vitabu vyake kwa majirani, kila nyumba kimoja. "Mutunze sawa mbuzi ya mutu," aliwaambia. Mnajua desturi yetu: unachunga mbuzi wa mwenzako, akizaa mnagawana watoto.

Hali ilipotulia kidogo, akapita kuvikusanya. Kwa Mzee Syauswa akapewa nusu ya kitabu. Nusu tu! Tena kitabu cha kulinda chemchemi, ambacho hakikuwa na cha pili mjini.

"Ingine iko wapi?"

"Mama, ulisema sawa mbuzi. Donc tuligawanya. Nusu iko kwa binti yangu Jokébed, kule Beni."

"Mbuzi inazalaka, Syauswa! Kitabu inazalaka?"

Alikasirika, jamani, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kesho yake akapanda lori la Beni, nusu ya kwanza kaifunga kifuani kwa kitenge. Alitaka azishone pamoja, arudi na kitabu chake kizima. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akamuuliza anabeba nini. "Buchafu ya maji, chef." Akapishwa upesi.

Beni alimkuta Jokébed kwenye chemchemi na wanawake wenzake. Karatasi za nusu yake zimejaa udongo. Walikuwa wamepanga mawe na kuweka bomba, kama zilivyosema. Lakini mvua ikinyesha, maji yalitoka mekundu, na watoto wakaharisha. Mtoto wa Jokébed, Ézéchias, alikuwa mgongoni kwa mama yake, mnyonge, hata kulia hawezi.

"Tulifwata yote, mama. Tulikosa wapi?"

Mama Godelive alijua. Kwanza unachimbwa mfereji juu ya chemchemi, wa kupitisha maji ya mvua pembeni. Maelezo yake yamo katika nusu ya kwanza, ile aliyoifunga kifuani.

Hasira ikamwisha palepale. Akafungua kitenge, akakaa juu ya jiwe, akawasomea kwa sauti, nao wakachimba. Ézéchias alipona. Mama Godelive akarudi Butembo mikono mitupu, kawaachia nusu zote mbili.

Mumewe, Baba Mathe, anakumbuka: "Nikamuuliza, kitabu iko wapi? Akasema, iko ku kazi." Tangu siku hiyo hakupita tena kukusanya vitabu.

Baba Mathe, Élysée, na familia yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi mliobaki na vitabu vya Mama Godelive tangu wakati wa vita, tumesikia mnataka kuvirudisha kwenye kilio. Élysée anawaomba hivi, nasi tutafakari:

"Musirudishe. Mufungule, musome. Kisha muende kuangalia maji yenye batoto benu banakunywa."