Mjane Aambiwa Atulie

Kwa pikapu ya kutoka Malaba nilimpa pole Amoit wa kanisa letu, aliyezika mume mwezi uliopita. Mzee tusiyemjua akasikia. "Mama, hata hujanyolewa nywele za matanga na unapeleka vitunguu soko? Mjane anatulia nyumbani." Amoit akasema, "Kutulia ni moyo, mzee. Nikikaa na watoto wanalia njaa, hapo nimetulia?" "Kutulia ni kukaa! Miguu isitoke boma." "Basi kitanda chako kimetulia kukushinda." Watu wakacheka. Mimi nilipofiwa na mume wangu nilikaa nyumbani miezi mitatu nikisifiwa, na Mungu anajua tulikula nini. Tuliposimama Amukura, mzee alimshushia Amoit gunia la vitunguu, akamtwika vizuri kichwani, akamwambia tena atulie.