Mama Vipimo na Ishara Aliyoinyamazia (1953–2022)

Marehemu, ambaye kazini na nyumbani alijulikana kama Mama Vipimo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake hakumruhusu kugusa mkasi kabla hajapima kitambaa mara tatu, na tabia hiyo haikumtoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akapata shahada ya biokemia mwaka 1977 na ya uzamivu mwaka 1984.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi redio. Mumewe alizoea kuwaambia wageni kwamba ana wake wenza milioni moja, yaani seli za mkewe, wote wanaishi kwenye visahani vya maabara na wote wanalishwa kabla yake.

Kazi yake ilikuwa neuropeptidi, vipande vidogo vya protini ambavyo ubongo hutumia kupeleka habari. Kipande kikinasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli, ndani huamka mfululizo wa ishara. Na kipokezi kilekile kinaweza kuamsha njia zaidi ya moja. Mwaka 1991 alitangaza kwamba neuropeptidi fulani haiamshi kabisa kipokezi alichokichunguza. Alirudia kipimo mara arobaini. Mara zote arobaini alipima njia moja tu.

Mwaka 1998 mwanafunzi wake wa uzamili, binti mwenye maneno mengi aliyeitwa Chiriku, alitumia rangi inayong'aa kalsiamu inapopanda ndani ya seli. Alipoziwekea neuropeptidi ileile, seli ziling'aa: kipokezi kilikuwa kimeamka, kwa njia nyingine. Alimwita mwalimu wake aje kutazama kwenye hadubini. Mama Vipimo hakuinama kutazama.

"Mwanangu, osha vyombo vyako kwanza, ndipo uniletee miujiza," alimwambia mbele ya wenzake, nao wakacheka.

Tasnifu yake ilikataliwa. Chiriku aliacha chuo mwezi huohuo, akafungua duka la kutoa nakala mtaa wa pili.

Mwaka 2009 watafiti wengine walichapisha matokeo yaleyale. Mama Vipimo alitoa seli zake za zamani kwenye friza, akarudia jaribio kwa siku tatu peke yake, na safari hii akainama. Ziling'aa. Hakumwambia mtu. Mwaka 2013 alistaafu kwa hotuba na makofi, na tangu hapo akipita mtaa ule alivuka barabara asionekane kutoka dukani.

Tarehe 3 Juni 2022 madaktari walimgundua ana saratani ya kongosho. Mwezi Agosti, akiwa wodini, alimtuma binti yake mkubwa akamwite Chiriku. Chiriku alikuja na aproni yenye madoa ya wino, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Ulikuwa sahihi," Mama Vipimo alisema. "Niliona kwa macho yangu nikiwa bado kazini, nikanyamaza."



"Mimi niliamini ni uchafu wangu, Mama. Mpaka leo kikombe nakiosha mara mbili."

Hakusema amesamehe. Alisema amesikia, akaaga.

Jioni ile Mama Vipimo aliagiza jambo hili liandikwe kwenye wasifu wake na lisomwe kwa sauti. Wanawe walimsihi aachane nalo, liishe naye, wasije wakaaibika mbele ya watu. Leo wanaona haya zaidi kwa ombi hilo.

"Nitaisha mimi," aliwajibu. "Hilo lisiishe."

Alifariki tarehe 9 Septemba 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano na wanafunzi thelathini na mmoja. Chuo kimeandika thelathini. Familia inaomba hesabu hiyo irekebishwe, na inamwombea mama yao amani ambayo yeye mwenyewe hakuthubutu kuidai.