Kiti cha Mbele kwa Mwalimu Munyakazi

Komite ya wazazi, mulikosea, na ninaandika hapa katika programu ya sherehe ya kumuaga Mwalimu ili musome mukiwa mumekaa. Mulisema mwaka huu watoto hawatacheza muchezo siku ya proklamasyon, siku ya kusoma matokeo, kwa sababu Mwalimu Munyakazi atakuwa amekwisha kuacha kazi. Mutu anaondoka siku mbili kabla ya matokeo kusomwa, nanyi munazika kazi yake hata hajafika nyumbani. Hiyo si heshima. Ni uvivu uliovaa koti.

Sasa tuseme habari zake sawasawa. Mwalimu Munyakazi Télesphore aliingia katika shule yetu ya Birere mwezi wa tisa 1989, akitoka Rutshuru na sanduku la mbao. Ataacha kazi tarehe 30 mwezi wa sita 2024. Ni karibu miaka makumi tatu na mitano, na sehemu kubwa aliipitisha katika darasa la tano. Madirekta walibadilika, wenye bunduki walibadilika, hata manjanja, yale mabati ya paa, yalibadilika. Yeye alibaki na chaki yake.

Alifundisha hesabu, na aliifundisha vizuri. Lakini watu wa Birere hawamutaji kwa hesabu. Wanamutaja kwa Mbuzi wa Mujane, muchezo alioutunga mwenyewe. Watoto wake wanaucheza kila mwaka siku ya proklamasyon, kabla ya matokeo kusomwa, wakati wazazi wangali na furaha.

Kwa wageni ambao hawaujui: mufalme ananyang'anya mujane mbuzi wake. Mujane anawaendea wazee wa baraza. Wazee wanamuogopa mufalme, kwa hiyo wanasema mbuzi mwenyewe akate kesi. Wanamufungua katikati, na yule atakayefuatwa na mbuzi ndiye mwenye mali. Mbuzi anamufuata mujane. Muchezo umekwisha.

Mwaka wa kwanza Mwalimu alileta mbuzi wa kweli. Walimukataza, hakusikia. Mbuzi alipofunguliwa alimupita mufalme, akamupita mujane, akaenda moja kwa moja kwa direkta wa wakati ule, aliyekuwa amekaa mbele anatafuna muhindi wa kuchoma. Watoto wakapiga kelele kwamba mwenye mali ni direkta. Direkta alicheka kidogo, kisha hakucheka tena juma nzima.

Tangu pale mbuzi ni mutoto. Masikio yake ninayashona mimi, Asumini, kwa vitambaa vinavyobaki katika duka langu. Rachidi analeta mbao za jukwaa kwa chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mama Dancille anawapikia watoto maharagi siku za mazoezi. Hakuna aliyetutuma. Mwalimu alipita tu mlangoni kwa kila mumoja, akaomba, na yeye akishaomba haondoki mpaka ukubali.

Mwezi wa kwanza 2002 volkano ilishuka katikati ya muji na kuifunika shule. Siku tulipofungua tena, chini ya turubai, Mwalimu alitaka watoto wacheze, ili mioyo irudi mahali pake. Kumbe mufalme alikuwa amekimbilia Gisenyi pamoja na wazazi wake, na mujane alikuwa Bukavu. Waliobaki ni wazee wa baraza na mbuzi. Walisimama juu ya jiwe lililokuwa lingali linatoa joto, kila mutoto na maneno yake machache, wakiwangojea wenzao ambao hawakuwako. Mumoja akaanza kulia, wote wakafuata. Wazazi walikunja mikeka wakaenda zao.

Juma lililofuata Mwalimu aliweka sheria, na sheria hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Kila mutoto ajifunze maneno yote: ya mufalme, ya mujane, ya wazee, na mwendo wa mbuzi. Nani atacheza nini, mutajua asubuhi ya siku yenyewe.

Wazazi walikasirika. Papa Julien alikuja shuleni na koti dogo alilomununulia mutoto wake. "Mwalimu, wangu ni mufalme. Ajifunze mbuzi ya nini?" Mwalimu akamujibu: "Basi jifunze wewe, Papa Julien. Siku yeye akiugua, wewe utaingia." Ikafika siku yenyewe, mutoto akapewa kuwa mbuzi. Alitembea vizuri sana, mpaka baba yake akapanda juu ya benchi na kusema kwa nguvu, "Huyo mbuzi ni wangu." Wazee wa baraza wakamuambia akae, kesi haijakatwa. Leo Papa Julien ndiye prezida wa komite. Prezida, unakumbuka, au nikukumbushe tena mbele ya watu?

Mwezi wa kumi na moja 2012 waasi waliingia katika muji. Watu walikimbia kila upande, na wengi walifika katika kambi ya Mugunga. Mwalimu alikwenda huko kwa miguu, akapita kati ya vibanda akitafuta watoto wa shule. Aliwapata wachache. Hakuna hata mumoja aliyekuwa amewahi kucheza mufalme. Aliuliza nani atamucheza. Uwingabire, mutoto wa kike ambaye mwaka ule alikuwa mbuzi, akasema, "Mimi, Mwalimu. Nguo ya mufalme ni ndefu, lakini nitaishika."

Walicheza mbele ya watu ambao mbuzi wao walikuwa wamechukuliwa kweli, na wenye bunduki za kweli. Uwingabire aliposema kwa sauti nene, "Mbuzi huyu ni wangu, kwa sababu nimemuona," hakuna aliyecheka. Nilikuwako, nilishika kamba ya pazia. Mbuzi alianza kutembea polepole kwenda kwa mujane, na muzee mumoja wa Masisi akasimama, akavua kofia. Kisha wote wakasimama. Kambi nzima ilisimama kwa ajili ya mutoto mwenye masikio ya kitambaa.

Mwaka wa 2021 volkano ilitutoa tena, tukalala Sake. Huko mufalme alikaa juu ya chukudu ya Rachidi, na muchezo ukachezwa kando ya barabara. Watoto waliojua maneno walikuwako. Wao wanakuwako sikuzote, kwa sababu ya sheria ile.

Sitamusifu tu. Ana kasoro. Anasimama nyuma ya pazia na kunong'ona maneno yote, na munong'ono wake unafika kwenye duka la jirani. Wageni wanausikia muchezo mara mbili. Lakini ni kwa sababu hiyo pia, miaka yote hii, hajauona muchezo wake kutoka mbele. Mbuzi akitembea kwenda kwa mujane, watu wote wanaona uso wake. Mwalimu anaona mukia.

Leo Uwingabire ni mwalimu hapa kwetu, darasa la pili. Nilimuomba aushike muchezo. Akaniambia, kama mujukuu kwa bibi yake, "Koko, sitaweza. Mwalimu hatakuwako, nitaanzia wapi?" Mwanangu, ulianzia Mugunga, na njaa tumboni, na nguo ya kuburuta. Usinichoshe.

Na watoto, mumewauliza? Mwaka huu katika darasa la tano wamo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, wanabanana kwenye benchi moja na watoto wa Birere. Wameyajua maneno yote. Wanayasema wakienda kuchota maji, wanagombana nani atakuwa mbuzi. Mukiwaambia muchezo umekufa kwa sababu muzee mumoja ameacha kazi, mutakuwa mumewafundisha kinyume cha yote aliyowafundisha yeye.

Mwalimu Munyakazi, asante kwa watoto wetu, na wajukuu, na wengine ambao hatujui leo wako wapi lakini bado wana maneno yale kichwani. Tunakuombea afya na usingizi mzuri katika nyumba ya binti yako. Barabara ya Rutshuru, iliyofungwa na vita, ifunguke, uende ukalione shamba lako, maharagi yako yakusubiri.

Yanayobaki ni kazi. Uwingabire, Jumatatu watoe watoto nje, anza na neno la kwanza la mujane. Rachidi, mbao. Mama Dancille, sufuria. Masikio nimekwisha kuyashona. Papa Julien, leta kiti chenye mugongo kutoka nyumbani kwako, kile cha sebuleni, ukiweke mbele, katikati, tarehe mbili mwezi wa saba.

Na wewe Mwalimu, kaa juu yake. Mutoto akisahau neno, funga kinywa. Wenzake wanalijua.